Kinga ya goti inapoumiza: soma alama za mguu kabla ya kuongeza sponji

Fundi akilalamika kwamba kinga zake za magoti zinamuumiza, ushauri anaopewa karibu kila mara ni kuongeza sponji. Sponji inaongezwa, kinga inanenepa, inaanza kuteremka, mkanda unakazwa ili isiteremke, na jioni mguu umekufa ganzi huku goti likiuma vilevile. Hapa Kigoma nashona kinga hizi kwa ajili ya mafundi marumaru, waunda maboti wa Kibirizi na vijana wa mpira, na ni nadra sana kukuta tatizo ni unene. Ninachokuta ni uzito ulioangukia mfupa usioweza kuubeba, au mkanda uliopitishwa mahali ambapo haukupaswa kupita.

Basi tuanzie mguuni. Anayeshona mwenyewe na anayepeleka kazi kwa fundi cherehani au fundi viatu wote watafuata njia ileile: dalili kwanza, chanzo chake, ndipo mkasi.

Kuusoma mguu

Vaa kinga kwenye kazi yenyewe kwa muda wa kama saa moja. Kuijaribu dukani huku umesimama hakukwambii kitu. Kisha ivue, kaa penye mwanga na uitazame ngozi kabla alama hazijafifia. Kwenye ngozi zetu nyeusi wekundu hauonekani kirahisi, kwa hiyo tumia vidole kuliko macho: tafuta mibonyeo, mistari ya mshono iliyojichora kwenye ngozi, sehemu iliyo na joto kuliko jirani yake, na sehemu inayouma ukiigusa kidogo tu.

Mbonyeo mpana usio na kina, unaopotea baada ya dakika chache, hauna neno. Kidoa kimoja kikali juu ya pia ya goti maana yake sponji imelala kabisa na mfupa unagusa sakafu. Mstari chini ya goti ni ukingo wa kinga. Mbonyeo wenye umbo la hilali upande wa nje ni ganda, yaani ile plastiki ngumu ya nje ya kinga, au bizimu. Mstari nyuma, kwenye mkunjo, ni mkanda uliokaa vibaya.

Ukitaka uhakika zaidi, saga chaki ya ubaoni, ipake upande wa ndani wa kinga, lowesha goti kidogo, kisha piga magoti jinsi unavyopiga ukiwa kazini. Chaki itakayoganda gotini itakuonyesha ramani ya uzito wako. Ramani nzuri ni pana na imezunguka pia ya goti. Ikiwa ni duara dogo katikati, kinga hiyo haijagawa uzito hata kidogo.

Goti lililovimba si kazi ya mkasi

Kuna hali moja ambayo hupaswi kurekebisha kinga kwanza. Mbele ya pia ya goti, chini ya ngozi, kuna kifuko chembamba cha ute kinachosaidia ngozi kuteleza juu ya mfupa. Kikisuguliwa na kubanwa kila siku huwaka na kujaa maji, na mbele ya goti hutokea uvimbe laini wa mviringo. Pumzisha goti na umwone mtabibu. Uvimbe ukiwa wa moto, unauma sana, ngozi ina mchubuko au mwili una homa, huenda bakteria wameingia: nenda hospitali siku hiyohiyo, usisubiri wikiendi ipite. Usiutoboe kwa sindano wala kuukamua. Nimeona mafundi wakifanya hivyo kwa nia njema, na ndiyo njia fupi zaidi ya kuingiza vijidudu ndani.

Goti linauma katikati, juu ya pia

Hapa ndipo lawama huangukia unene, kumbe ni aina ya sponji. Sponji ya godoro ina vishimo vilivyo wazi. Ukiikalia, hewa yote inatoka na inabaki kama kitambaa. Ibane kati ya kidole gumba na cha shahada. Vidole vikihisiana, sponji hiyo haifai kubeba goti hata ukiiweka tabaka tatu.

Kinachofaa ni EVA, ile ya soli za malapa na ya baadhi ya mikeka ya mazoezi. Vishimo vyake vimefungwa, hewa haitoki, na hainyonyi maji. Weka tabaka gumu la milimita 10 hadi 15 upande wa sakafu na tabaka laini la milimita 5 hadi 8 upande wa ngozi. Usigeuze mpangilio. Gumu likikaa ndani, goti linakutana na kitu kigumu moja kwa moja, na lile laini la nje linabonyea bure.

Halafu umbo. Goti halina ubapa, na kipande bapa cha EVA, hata kiwe kizuri namna gani, huligusa sehemu moja tu. Tuseme goti moja linabeba kilo 25. Uzito huo ukikaa kwenye sentimita 10 za mraba, kila sentimita inabeba kilo 2.5. Utandaze kwenye sentimita 50 za mraba, kila moja inabaki na nusu kilo. Kazi ya kinga ni kuutandaza uzito, na hutautandaza kwa kipande bapa. Kata pembe ndogo za V kwenye kingo za tabaka gumu, vuta kingo zikutane, gundisha; kipande kitajikunja na kuwa bakuli. Ndani yake, pale inapokaa pia, punguza EVA kwa msasa au kisu kikali mpaka upate kibonyeo cha milimita 3 au 4 chenye kingo zilizolala. Usitoboe tundu zima. Kingo za tundu huchimba ngozi kuizunguka pia, na utakuwa umehamisha maumivu tu.

Sakafu ya eneo la ujenzi nayo ina mambo yake: kipande cha kigae, msumari, kokoto. EVA peke yake haizuii kuchomwa. Kiwango cha Ulaya cha kinga za kazi za kupiga magoti, EN 14404, kina ngazi tatu za jambo hili: ngazi 0 ni ya sakafu tambarare na haina kinga ya kuchomwa, ngazi 1 inastahimili kuchomwa kwa nguvu ya nyutoni 100, na ngazi 2 nyutoni 250. Ukinunua ya kiwandani, tafuta alama hiyo. Ukishona mwenyewe, weka karatasi ngumu ya plastiki kati ya sakafu na EVA.

Maumivu yako chini zaidi, kwenye mfupa

Dalili hii hupuuzwa kuliko zote, nami naiona muhimu kuliko zote.

Mzee mmoja anayeunda maboti Kibirizi aliniletea kinga zake, za dukani na za bei nzuri. Baada ya shikamoo na marahaba akanionyesha kwa kidole: "Mwanangu, juu hapanisumbui. Inanipiga hapa." Alikuwa ameshika kile kinundu cha mfupa kilicho mbele ya muundi, chini kidogo ya goti. Nikamwomba apige magoti kama anavyofanya anapotia kalafati. Akashuka, akasogea kwenye ubao, akakalia visigino vyake, akaanza kupachika pamba kwenye mwanya kana kwamba mimi sipo. Kwa mkao huo pia ya goti ilikuwa karibu haigusi chini. Uzito wote ulikuwa juu ya kinundu, na ukingo wa chini wa kinga uliishia juu yake hasa, na mshono wake mgumu.

Kinga ile haikuwa mbovu. Ilikuwa imeundwa kwa mtu anayepiga magoti wima au anayeinama mbele, kama fundi marumaru anayefikia kigae cha mbali. Apigaye magoti hivyo, uzito wake uko kwenye pia na kwenye kano iliyo chini yake. Anayekalia visigino anabebea chini. Kwa hiyo, kabla ya kukata, mtazame mvaaji akifanya kazi yake, kisha amua kinga ianzie wapi na iishie wapi. Kwa mwenye mkao wa kukalia visigino, shusha ukingo wa chini upite kinundu kwa vidole vinne, upunguze unene taratibu kuelekea mwisho, na usiweke mshono wowote juu ya kinundu. Kibonyeo nacho kishushwe kikae juu ya kinundu.

Wanawake wanaoanika na kuchambua dagaa, na wanaopalilia bustani, wengi wana mkao huohuo. Kwao mara nyingine kinga ya kufunga haihitajiki kabisa: mkeka mnene wa EVA wa kupigia magoti, unaohamishwa kwa mkono, unatosha na hauna mkanda wa kusumbua. EN 14404 inautambua pia mkeka wa namna hiyo kama aina ya 3.

Kinga inateremka

Usikaze mkanda. Teremko hutokana na vipimo vilivyochukuliwa mtu akiwa amesimama. Paja juu ya goti hutanuka unapokunja mguu, kwa hiyo mkanda uliopimwa kwa mtu aliyesimama humbana akishuka, humlegea akiinuka, na baada ya asubuhi moja ya kushuka na kuinuka umeshahama. Chukua vipimo viwili, amesimama na amepiga magoti, kwenye sehemu mbili: vidole vinne juu ya pia, na pale mguu unapokuwa mwembamba kati ya goti na shavu la mguu.

Mkanda wa juu uwe lastiki pana, sentimita 5 hivi, ili ufuate paja. Mkanda wa chini ndio mzuizi wa kweli, kwa sababu unakaa juu ya shavu la mguu na shavu huuzuia usishuke. Huo uwe wa utepe usiovutika sana, wenye velikro. Watu wengi hufanya kinyume: wanakaza wa juu na kuulegeza wa chini. Kinga yenyewe ishonwe ikiwa imepinda, yaani ukiiweka mezani tupu ionekane kama goti lililokunjwa nusu. Iliyonyooka hujisukuma yenyewe chini kila unapokunja mguu.

Anayevaa ovaroli kila siku anaweza kuachana na mikanda: shona mfuko mbele ya goti, pedi iingie kwa juu. Ila weka alama ya mfuko akiwa amepiga magoti. Suruali hujivuta mtu anaposhuka, na mfuko uliopimwa akiwa wima hautakuwa mbele ya goti atakapolihitaji.

Ganzi mguuni, au kubanwa nyuma ya goti

Pitisha kidole upande wa nje wa mguu, chini kidogo ya goti, utakuta kinundu kingine kidogo cha mfupa. Neva inayohudumia sehemu ya nje ya muundi na mgongo wa wayo inapita hapo, karibu sana na ngozi. Mkanda mwembamba au bizimu ikikaa juu yake, mguu unakufa ganzi, na ikiendelea muda mrefu mtu hushindwa kuinua vidole vya mguu. Hamishia bizimu mbele au upande wa ndani, panua mkanda, na hakikisha vidole viwili vinaingia chini yake ukiwa umepiga magoti. Ganzi ikibaki hata baada ya kuvua na kupumzika, au wayo ukiburuta, acha kazi ya magoti umwone daktari.

Mikanda inayopishana kama msalaba nyuma ya goti inavutia kwa macho, lakini makutano yake huangukia kwenye mkunjo, ambako mishipa mikubwa ya damu na neva hupita. Mimi siishoni. Mikanda miwili isiyokutana, na dirisha wazi katikati, inaacha mguu ukunje bila kubanwa.

Jasho, vipele na saruji

Mpira wa tyubu hauchakai upesi, ndiyo maana mafundi wengi huupenda, lakini ukikaa juu ya ngozi mchana kutwa na joto hili la kando ya ziwa, jasho halina pa kutokea. Tumia tyubu nje, kamwe si ndani. Upande wa ngozi weka pamba. Khanga iliyochakaa haina mpinzani kwa ulaini. Kifuniko kivuliwe ili kifuliwe, na uwe navyo viwili, kimoja kikiwa kwenye kamba kingine mguuni. Upele unaowasha na kutengeneza mduara unaosambaa hautaisha kwa kubadili kitambaa; huo unahitaji dawa ya fangasi.

Saruji ni jambo jingine, na tafadhali lichukuliwe kwa uzito. Saruji mbichi ina nguvu ya magadi makali na huunguza ngozi. Haichomi papo hapo kama maji ya moto. Mtu huendelea kufanya kazi, na anapovua jioni ngozi imeshaharibika. Kinga yenye sponji ya godoro hunyonya maji ya saruji na kuyashikilia juu ya goti saa nzima baada ya saa. Fundi wa sakafu akikwambia "kinga inawasha", muulize kwanza kama inaloa. Ikiloa, avue mara moja, aoshe goti kwa maji mengi safi kwa muda mrefu, na kinga isivaliwe tena mpaka ifuliwe. Kwa kazi hiyo EVA si hiari, na nje kuwe na turubai la plastiki au tyubu iliyofunika hadi kingo, mishono ikielekea juu pasipofikiwa na maji.

Ganda linabanduka, linayumba au linateleza

Ganda la dumu la mafuta ni plastiki nzuri, ngumu na haivunjiki ovyo, ila haishiki gundi. Gundi ya viatu inayoshika ngozi na EVA vizuri hubanduka kwenye plastiki ya madumu na ndoo kama ganda la yai lililochemshwa. Usihangaike kubadili aina ya gundi; toboa pembeni na ushone kwa uzi mnene wa viatu, au tumia riveti, mradi vichwa vyake vikae kwenye kingo, mbali na pale goti linapolala. Kati ya EVA na EVA, kwaruza kwa msasa, paka gundi pande zote mbili, subiri ikauke kiasi cha kutonata kidoleni, ndipo ubane. Wanaobana ikiwa mbichi ndio wanaorudi kulalamika.

Wengine hutumia bomba la PVC lililopasuliwa. Lilainishe kwa maji ya moto yanayokaribia kuchemka, yanatosha. Usilitie kwenye moto wa mkaa: likiungua hutoa moshi mkali wenye asidi unaodhuru mapafu.

Ganda la mviringo huyumba, na mapaja huchoka kwa kujishikilia. Kwa sakafu, tako la ganda liwe bapa. Likiteleza kwenye marumaru yenye maji, shonea kipande cha soli ya raba. Na kwenye marumaru yaliyong'arishwa usitumie ganda tupu la plastiki, kwa sababu mchanga hung'ang'ania humo na kuchora vigae vya mteja.

Uwanjani na barabarani

Mchezaji hapigi magoti, anaanguka na kuburuta. Kwake sponji nene ni mzigo: EVA ya milimita 10 hivi ndani ya soksi ya goti inayobana sawasawa inatosha, na nje kuwe na kitambaa kigumu kama jinzi kwa viwanja vyetu vya udongo na changarawe. Ganda gumu liachwe nyumbani. Sheria ya 4 ya mpira wa miguu inaruhusu kinga za magoti za vitu laini na vyepesi visivyo hatari, na refa ana haki ya kukutoa uvue lile la plastiki.

Waendesha bodaboda wasiazime kinga ya fundi marumaru. Kinga za pikipiki hupimwa kwa kiwango kingine, EN 1621-1, kwa pigo la juli 50, sawa na kilo 5 kuanguka kutoka urefu wa mita moja hivi, na nguvu inayopenya isizidi kwa wastani kilonyutoni 35 kwa ngazi 1, au 20 kwa ngazi 2. EVA ya malapa haijaundwa kwa pigo la namna hiyo.

Ilikuwa nzuri, sasa inauma

EVA huchoka. Inabonyezwa kila siku, na siku moja hairudi tena. Jua nalo huimaliza: ukiianika juu ya mabati mchana inasinyaa na kujikunja, kwa hiyo ianike kivulini. Vilevile tazama kinga ya kulia na ya kushoto, kila upande peke yake, maana mafundi wengi huweka goti moja chini muda mrefu kuliko lingine, na upande huo huisha mapema zaidi.

Siku ya kwanza andika kwa kalamu ndani ya kifuniko tarehe na unene wa tabaka gumu kwa milimita, upande kwa upande. Pima tena goti likianza kulalamika. Robo ya unene ikiwa imepotea, badilisha tabaka gumu la upande huo tu. Tabaka laini, kifuniko na mikanda mara nyingi bado vitakuwa vizima.